Muuaji na Shahidi

Nani apewe ruhusa ya kuua bila kungoja kuulizwa? Katika mambo ya watu tumelijibu swali hili kwa kuweka masharti. Tumesema yawepo mashtaka, asikilizwe shahidi, akae hakimu, na hata hukumu ikishatoka ibaki nafasi ya rufaa. Tumeyaweka masharti hayo kwa sababu kuua hakuna marejeo. Lakini mwili wa binadamu, usiojua sheria wala katiba, ulikumbana na swali hilihili zamani sana kabla yetu, tena katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa adui wake hana subira. Kirusi kikiingia kwenye seli moja, katika muda wa saa chache seli hiyo inaweza kuanza kumwaga virusi vingine vingi. Ile sehemu ya kinga inayojifunza, yaani seli T na seli B zinazomjua kila adui kwa sura yake na kumkumbuka miaka mingi, huhitaji siku kadhaa, pengine wiki nzima, kujiandaa anapokuja kwa mara ya kwanza. Katika siku hizo mgonjwa anaweza kuwa ameshazikwa.

Ndiyo maana mwili unao wauaji wa asili. Ni aina ya seli nyeupe ziitwazo limfosaiti, na katika damu ya mtu mzima huwa kiasi cha 5 hadi 15 katika kila limfosaiti 100. Walielezwa rasmi mwaka 1975, pale Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell wa Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm walipoona seli za panya zikiua seli za saratani bila kufundwa na yeyote. Marekani nako Ronald Herberman na wenzake walikuwa wanaliona jambo hilohilo wakati uleule. Kabla ya hapo mauaji haya yalikuwa yanajitokeza kwenye majaribio, na watafiti wakiyahesabu kuwa ni dosari ya kazi yao. Walikuwa wanatafuta mauaji yenye mafunzo nyuma yake. Walipokuta yasiyo na mafunzo, wakayatoa kwenye hesabu. Naona hapo kuna jambo la kutafakari kabla hatujaendelea. Jicho la mtu huona kwa shida kile ambacho maelezo yake hayajakiwekea mahali, hata kikiwa mbele yake na kikiwa kinaua.

Tofautisha mambo mawili hapa, msomaji, maana yakichanganywa hatutafika. Uwezo ni kile ambacho kitu kinaweza kutenda. Ruhusa ni sababu ya kutenda hapa na sasa. Muuaji wa asili huzaliwa na uwezo wake: ndani yake mna vifuko vyenye protini za kutoboa utando wa seli nyingine na kuiamuru ife. Hilo halina fumbo. Fumbo liko kwenye ruhusa. Anazunguka mwilini mchana na usiku, amezungukwa na seli zetu wenyewe pande zote, na silaha anayo. Kwa nini basi hatuui sisi?

Jibu lilitoka kwa Klas Kärre, Mswidi mwingine, aliyeliweka wazo hilo kwenye tasnifu yake ya mwaka 1981 na kulithibitisha pamoja na wenzake mwaka 1986. Karibu kila seli ya mwili hubeba usoni alama za utambulisho, molekuli za jamii ya HLA, ambazo ni za mtu huyo na zinatofautiana na za jirani yake. Seli T huzisoma alama hizo ili kuona kama zimebeba kipande cha adui. Muuaji wa asili huangalia kitu tofauti kabisa: huangalia kama alama zipo. Zikiwepo, hutulia. Zikikosekana, huwa tayari kuua. Uswahilini, mtu akipita mbele ya baraza bila kutoa salamu, wazee huacha bao na kunyanyua macho, ingawa hana panga mkononi wala hajamgusa mtoto wa mtu. Hakuna kibaya alichofanya. Kuna kitu tu ambacho kilipaswa kuwepo, nacho hakikuwepo.

Je, kukosekana kwa kitu kunaweza kuwa ushahidi? Mahakamani tungesita. Mshtakiwa aliyenyamaza hajakiri, na hati isiyopatikana haijathibitisha wizi. Kukosekana kuna sababu nyingi, na nyingi ni za heri. Mwili nao, ukiuchunguza, unasita vilevile. Chembe nyekundu za damu, ambazo ni nyingi kuliko chembe nyingine zote, karibu hazina alama hizo kabisa, na bado wauaji huzipita bila kuzigusa. Kukosekana peke yake hakutoshi. Ni lazima kuandamane na dalili nyingine, ishara ya dhiki ambayo seli iliyoshambuliwa au kuharibika huitoa usoni. Ruhusa ya kuua inakuja pale mambo mawili yanapokutana: kimya mahali palipotarajiwa sauti, na kilio mahali palipotarajiwa utulivu.

Kwa mpango huu kirusi kinawekwa njia panda. Kikiziacha alama zilivyo, seli T zitakisoma. Kikizificha, kimemwita muuaji. Virusi vilivyodumu na binadamu kwa muda mrefu vimejifunza kupita katikati. VVU, ambavyo Afrika Mashariki imevijua kwa machungu, vimeonekana vikishusha alama za HLA-A na HLA-B huku vikiiacha HLA-E, na wakati mwingine HLA-C pia. Vinaficha kiasi cha kuwapita wasomaji, na kuacha kiasi cha kuwatuliza wauaji. Kirusi hakifikiri. Lakini kilichobaki hai ni kile kilichotokea kujua kwamba walinzi ni wawili na kila mmoja anatafuta kinyume cha mwenzake.

Mwaka 1989 madaktari wa Marekani walieleza habari za binti mmoja kijana ambaye mwili wake haukuwa na wauaji wa asili. Seli T alikuwa nazo. Kingamwili alikuwa nazo. Hata hivyo virusi vya jamii ya hepesi, pamoja na tetekuwanga ambayo watoto wengi huugua wiki moja na kurudi kucheza, vilimwangusha mara kwa mara kwa namna ya kutisha maisha. Binti huyo ni jibu kwa anayedhani kwamba elimu na kumbukumbu vinatosha.

Sasa tuje kwa yule wa pili, shahidi.

Seli za dendriti zina vijitawi virefu, na ziko kila mahali mwili unapopakana na nje: kwenye ngozi, puani, mapafuni, utumbo mzima. Paul Langerhans alizipaka rangi kwa chumvi ya dhahabu akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin, mwaka 1868, akaziona zimetanda ndani ya ngozi, na kwa sababu ya matawi yake akadhani ni mishipa ya fahamu. Kazi yake halisi haikujulikana kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1973 Ralph Steinman na Zanvil Cohn wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walizikuta tena kwenye bandama la panya, na Steinman akatumia miaka mingi kuwashawishi wenzake kwamba ni aina ya pekee na kwamba kazi yake ni kubwa. Wengi hawakumwamini kwa muda mrefu.

Kazi yenyewe ni hii. Seli ya dendriti huonja kila kinachopita. Ikikuta hatari, huacha makazi yake na kusafiri kupitia mishipa ya limfu hadi kwenye tezi, ikiwa imebeba vipande vya ilichokikuta, na huko inavionyesha kwa seli T. Mtoto akichomwa na mwiba mguuni, siku ya pili akalia kwamba kinenani pamevimba mtoki, bibi yake hukanda kwa maji ya moto na kumwambia utaondoka. Ule uvimbe ni mkutano. Habari za mguuni zimefika kinenani, na wanaohusika wameitwa.

Lakini nitenganishe habari na ushahidi. Habari ni kile kilichoonekana. Ushahidi ni habari iliyobebwa na mtu anayeweza kuulizwa. Seli ya dendriti ikifika kwenye tezi haionyeshi tu kipande cha adui. Huonyesha pia kama mahali ilipokitoa palikuwa na hatari au palikuwa salama. Na hapa kuna hatari kubwa ambayo si rahisi kuiona. Seli ya dendriti ambayo haijakomaa, iliyookota kipande bila kukutana na dalili za hatari, ikikionyesha kwa seli T huzifundisha kukivumilia. Mara nyingi hilo ndilo tunalolitaka: chakula tunachokula na seli zetu zinazokufa kila siku havipaswi kuanzisha vita. Lakini ikiwa adui yupo kweli, na shahidi amefika na nusu ya habari kwa sauti ya utulivu, madhara yake ni zaidi ya kukosekana kwa habari. Mwili utakuwa umefundishwa kulala mbele ya anayeuvunja.

Kwa hiyo tuna wawili. Mmoja ana silaha, lakini haoni mbali, hana kumbukumbu ya sura, na hajui kilichotokea mguuni. Mwingine ameona na anaweza kusimulia, lakini hana uwezo wa kumzuia yeyote, na ushahidi wake unaweza kuwa mbovu. Kwa miaka karibu 25 tangu wauaji walipoelezwa, wawili hawa walisomwa katika sura tofauti za vitabu. Mwaka 1999 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwa panya kwamba seli za dendriti huweza kumwamsha muuaji wa asili moja kwa moja, kwa kugusana. Mwaka 2002 makala tatu zilitoka katika toleo moja la jarida moja, kila moja kutoka kundi lake, zote zikieleza kwa seli za binadamu kwamba uhusiano huo unakwenda pande zote mbili.

Seli ya dendriti iliyoona hatari humpa muuaji vichocheo, miongoni mwavyo interlukini-12 na interlukini-15, na muuaji aliyekuwa anazembea anakuwa mkali. Bila kuguswa hivyo, silaha zake zipo lakini mkono ni mzito. Muuaji aliyeamka naye humrudishia shahidi vichocheo vyake, intaferoni-gama na TNF, na shahidi hukomaa, hupata kauli, huwa anaweza kuziamsha seli T badala ya kuzilaza. Hadi hapo ni kusaidiana, na tungeweza kuishia kwenye pongezi. Ila kuna sehemu ya pili. Muuaji huyohuyo humpima shahidi. Seli ya dendriti iliyokomaa huwa na alama za utambulisho nyingi, na hupita. Ile isiyokomaa, yenye alama hafifu, huuawa papo hapo. Hata idadi ina neno lake: wauaji wakiwa wachache kuliko mashahidi, mashahidi hukomazwa; wauaji wakizidi mara kadhaa, mashahidi huanza kufa.

Kwa nini mwili umuue shahidi wake mwenyewe?

Jibu la kwanza linalokuja ni uchumi: kupunguza waliozidi, kusafisha baada ya kazi. Ni jibu la kweli kwa sehemu, maana wingi wa wauaji unaweza kuwa ndiyo njia ya kuuzima mkutano ukishadumu. Lakini halielezi kwa nini anayeuawa ni yule asiyekomaa hasa. Jibu la pili ni ubora. Anayekwenda kusema mbele ya seli T atabadilisha mwenendo wa mwili kwa miaka, kwa hiyo asipelekwe mwenye sauti ya kulaza wakati nyumba inaungua. Jibu hili linanishawishi zaidi. Mwili hauchuji habari kwa kuzisoma, maana muuaji wa asili hawezi kusoma kipande cha adui hata ukimbandika nacho. Unachuja kwa kumpima mwenye kuleta habari: je, ameguswa na hatari kweli, imembadilisha?

Bado naona kuna ngazi ya tatu chini ya hizo. Tazama nani anampima nani. Muuaji hapati makali yake bila shahidi. Shahidi hapati kauli, wala uhai wake, bila muuaji. Hakuna kati yao aliyekamilika kabla ya kukutana na mwenzake, na hakuna aliye juu. Tungetarajia mwenye silaha awe mkubwa, na mwenye habari awe mtumishi wake. Au, kama sisi watu wa kalamu tunavyopenda kujisifu, mwenye habari awe mkubwa na mwenye silaha amsikilize. Mwili haukuchagua hata moja. Uliweka uaminifu katikati yao, na neno hilo sasa nilieleze ninavyolitumia. Uaminifu, tunavyousema kila siku, ni hali ya moyo: namwamini fulani, basi simchunguzi. Hapa kuna uaminifu wa namna nyingine, ambao ni mpangilio wa mambo. Kila mmoja anaweza kumtegemea mwenzake kwa sababu kila mmoja ameshapita mikononi mwa mwenzake. Uchunguzi haukuondoa uaminifu huo. Uliuzaa.

Nasikia msomaji mmoja akinikatiza, na ana haki. Seli hazina nia. Hazipimi, hazishuhudii, hazisaliti. Ni kemia tu, na mimi nimezivalisha kanzu na kuziketisha mahakamani. Nakubali kwamba hazina nia. Sikubali kwamba kwa sababu hiyo hazina la kutuambia. Thamani ya mpangilio haitegemei kama walio ndani yake wanaujua. Mizani hupima sawasawa bila kujua haki ni nini, na mnunuzi wa sukari hajali kama inajua. Swali letu ni mpangilio gani unaowezesha nguvu na ujuzi visigeuke kuwa balaa, na swali hilo linaweza kujibiwa na kitu kisichokuwa na nia, mradi kimedumu.

Kuna pingamizi zito zaidi, na hili sina njia ya kulizunguka. Mtu anaweza kuyasoma haya akasema: vema, basi dola nayo iwapime mashahidi wake kwa njia hiyo, na walio hafifu waondolewe. Hapana. Mwili unaweza kumuua shahidi mchanga kwa sababu kesho uboho utatengeneza mwingine, na hakuna mama anayemlilia. Seli moja moja hazina thamani nje ya mwili. Mtu mmoja mmoja anayo, na ana thamani hata pale ambapo jamii nzima ingefaidika na kifo chake. Anayechukua hekima ya mwili na kuipeleka kwenye siasa bila kuvuka daraja hilo amechukua sehemu mbaya kuliko zote akaacha iliyo njema. Historia ya karne iliyopita, kule Ulaya na kwetu katika Maziwa Makuu, imeonyesha watu wanaowaita binadamu wenzao vijidudu huishia wapi.

Iliyo njema, kwa maoni yangu, inaanzia mapema zaidi, kabla hata muuaji hajakutana na shahidi. Mwaka 2005 kundi la Wayne Yokoyama huko St. Louis, Marekani, lilionyesha kwa panya jambo lililokuwa kinyume na matarajio. Ikiwa muuaji wa asili hutulizwa na alama za wenyewe, basi yule aliyekulia katika mwili usio na alama hizo, ambaye hajawahi kutulizwa na yeyote, angepaswa kuwa mkali kuliko wote. Ilionekana kinyume chake. Alikuwa mnyonge. Muuaji ambaye vipokezi vyake havijawahi kukutana na alama ya nyumbani hapati makali kamili. Anabaki na silaha asizoweza kuzitumia vizuri. Yule aliyekutana nayo, akazuiwa nayo tena na tena, ndiye anayefuzu.

Hapo nimekaa siku nyingi. Tumezoea kudhani kizuizi ni kitu kinachoongezwa baadaye juu ya nguvu, kama kwamba nguvu ilikuwepo kwanza, nzima na huru, halafu sheria ikaja kuipunguza. Seli hii inasema kizuizi kinaweza kuwa mzazi wa nguvu. Aliyezuiwa na walio wake ndiye anayepata uwezo wa kutenda dhidi ya asiye wake. Sijui kama kanuni hii inashika kwa watoto wetu na kwa vijana wenye bunduki. Kuna siku naona inashika, na kuna siku naona natafuta faraja. Lakini kwa seli inashika.

Tusonge hadi mahali ambapo majina yetu yote yanaanza kulegea, nako ni kwenye mji wa mimba. Katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, seli nyeupe zilizo nyingi kuliko zote kwenye ukuta wa mji wa mimba, kiasi cha 70 katika kila 100, ni wauaji wa asili. Mtoto aliyemo ni nusu mgeni: alama za baba yake zipo kwake, na mama hana. Kwa hesabu ya kawaida tungesema wauaji wamekusanyika kwa ajili ya vita. Hawaui. Wanasaidia kutanua mishipa ya damu ya mama ili kondo la nyuma lipate chakula cha kutosha. Seli za dendriti nazo zipo humo, chache, na kwa panya imeonekana zinazuiwa kutoka kwenda kwenye tezi za limfu. Shahidi yupo na ameona, lakini kwa muda hapelekwi barazani.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba hapa pana amani kwa kuwa muuaji ametulizwa. Utafiti uliofanywa Kampala unatuzuia kusema hivyo. Mwaka 2015 Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na Ashley Moffett wa Cambridge na wenzao, walichapisha matokeo kutoka kwa akina mama waliojifungua Hospitali ya Mulago. Walilinganisha jeni za vipokezi vya wauaji wa asili vya mama na alama za HLA-C za mtoto. Mama ambaye vipokezi vyake vinamzuia muuaji kwa nguvu mno, akibeba mtoto mwenye alama za aina fulani, alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kufikia kifafa cha mimba. Kuna jeni zinazowakinga wanawake wa Afrika, na si zilezile zilizoonekana kuwakinga wanawake wa Ulaya.

Fikiria maana yake. Mahali pale muuaji akizuiwa kupita kiasi, mishipa haitanuki, kondo hukosa damu, na mama na mtoto huingia hatarini. Kumbe kilichohitajika kwake ni kuamshwa, na kuamka kwake hapo ni kulisha. Basi yule ni nani hasa? Ikiwa tutasema kitu ni uwezo wake, atabaki muuaji hata anapojenga. Ikiwa tutasema kitu ni kazi yake mahali alipo, basi yeye ni muuaji kwenye pua yenye mafua na mlezi kwenye mji wa mimba, na hakuna jina moja linalomtosha. Mimi naegemea jibu la pili, ingawa linanipa shida: likishika, hatuwezi kumjua yeyote kwa kumchunguza peke yake, maabara, ametengwa na wenzake. Kiessling na wenzake walimkuta akiwa amewekwa pamoja na seli za saratani, wakamwita kwa alichokifanya hapo. Wangemkuta kwanza kwenye mji wa mimba, leo tungekuwa na vitabu vyenye jina tofauti kabisa.

Limebaki swali la mwisho: je, tukishajua haya, tunaweza kuwatuma? Watu wanajaribu. Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha tiba ya saratani ya tezi dume inayotengenezwa kwa kuchukua seli za mgonjwa mwenyewe, zikiwemo za jamii ya dendriti, kuzionyesha alama ya saratani nje ya mwili na kumrudishia. Iliongeza miezi, haikuponya. Majaribio ya kuwatia wagonjwa wauaji wa asili yanaendelea katika nchi kadhaa. Nikiyatazama kwa mawazo niliyoyaeleza juu, naona sababu mojawapo ya ugumu wake: aghalabu anatumwa mmoja bila mwenzake, shahidi bila wa kumpima, au mwenye silaha bila wa kumwamsha.

Ralph Steinman aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho mwaka 2007. Aliamua kuyaleta maisha yake yote ya utafiti kwenye mwili wake: pamoja na tiba za kawaida, alipokea chanjo zilizotengenezwa kwa seli zake za dendriti. Wengi wenye saratani hiyo hawamalizi mwaka. Yeye aliishi zaidi ya miaka minne. Wenzake walitamani kusema kwamba ni zile seli, na hakuna aliyeweza kulisema hilo kwa uhakika, maana mgonjwa mmoja aliyepewa tiba kadhaa kwa pamoja hathibitishi hata mojawapo. Steinman alilijua hilo kuliko wote. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011. Tarehe 3 Oktoba Kamati ya Nobel, ikiwa haijapata habari za kifo chake, ilimtangaza mshindi wa tuzo ya tiba pamoja na Bruce Beutler na Jules Hoffmann. Kanuni zinakataza kumpa tuzo mtu aliyekwisha kufa. Wakakaa, wakazisoma upya kanuni zao, wakaamua kwamba uamuzi ulifanywa kwa nia njema na kwa kuamini kuwa yu hai, na tuzo ikabaki kuwa yake.